Programu huria za kusimamia kiwanda kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye viwanda vya watu watano hadi hamsini hivi: wakamuaji wa alizeti, waoka mikate, watengeneza sabuni, wasaga nafaka, mafundi samani na washonaji wa sare. Unahusu zile programu ambazo watu wa kompyuta huziita ERP, yaani programu moja inayoshika manunuzi, stoo, uzalishaji, mauzo na hesabu kwa pamoja, na hasa zile zinazopatikana bila kulipia leseni. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa kuwa huko ndiko maswali haya yalikotoka.

Mnaposema programu ni "huria", mnamaanisha ni ya bure?

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu "bure" na "huru" ni maneno mawili tofauti, na mambo yenyewe ni mawili tofauti. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake wa chanzo, yaani maandishi ya watengenezaji yanayoiunda, uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa kwa wengine. Huo ndio msimamo uliojengwa na Richard Stallman, mtaalamu wa programu wa Marekani, na wenzake kuanzia mradi wao wa programu huria wa GNU uliotangazwa mwaka 1983. Bei haimo katika maelezo hayo. Ziko programu za bure zisizo huria hata kidogo: unapewa ankara hamsini za kwanza, unaizoea, wateja wako wote wameshaingizwa humo, kisha mwezi mmoja unaambiwa ulipie, na kutoka huwezi kwa sababu kumbukumbu zako zimo ndani yake.

Kwa mwenye kiwanda, uhuru huo ndio wenye thamani kuliko ubure. Kumbukumbu zako zinakaa kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa za programu, unayoweza kuifungua mwenyewe, na fundi wa kwanza akikushinda unaweza kumwita wa pili bila kuomba ruhusa kwa kampuni yoyote.

Je, leseni kama GPL inanidai nini?

GPL ni moja ya leseni za programu huria. Kama unatumia programu yenye leseni hiyo ndani ya kiwanda chako tu, haikudai chochote, hata ukiibadilisha programu yenyewe. Masharti ya GPL huanza pale unapoigawa programu kwa wengine, ambapo unawajibika kuwapa na msimbo wake. Mkamuaji wa alizeti hagawi programu kwa mtu, kwa hiyo swali hili, ambalo huwatia watu wasiwasi mwingi, linaishia hapa.

Kiwanda changu ni kidogo. Daftari na jedwali la Excel havitoshi?

Mara nyingi vinatosha, na anayekuambia vinginevyo bila kuiona stoo yako pengine ana kitu cha kukuuzia. Kiwanda chenye bidhaa mbili, mnunuzi mmoja wa malighafi na mwenye mali anayeshinda hapo kutwa nzima kinaweza kuendeshwa vizuri kwa daftari la stoo lililonyooka na jedwali moja la mauzo.

Mambo hubadilika dalili fulani zinapoanza kujitokeza. Mtunza stoo na mhasibu wanakuletea idadi mbili za mifuko ileile ya vifungashio, na kila mmoja ana karatasi ya kuthibitisha yake. Mteja anauliza oda yake imefikia wapi, na jibu linampasa mtu kutembea hadi nyuma ya kiwanda. Bei ya malighafi imepanda mara tatu katika msimu mmoja, nawe ungali unauza kwa bei uliyoipanga kabla ya mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyekokotoa gharama upya. Au kuna jedwali la Excel ambalo kijana mmoja tu ndiye anayejua seli zipi haziguswi, na kijana huyo ameomba likizo.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hakuna programu inayolitatua. Kama leo vitu vinatoka stoo bila kuandikwa popote, programu haitavifanya viandikwe. Itakachofanya ni kuonyesha takwimu za uongo kwa mpangilio wa kuvutia. Ushauri wangu kwa kila anayeuliza ni kuanza na miezi miwili ya vocha za karatasi, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, zikiwa na namba zinazofuatana na saini mbili. Kiwanda kilichoshindwa kutunza vocha hizo kwa miezi miwili hakiko tayari, na kujua hivyo mapema kunaokoa fedha nyingi.

Ni programu zipi zinazostahili kuangaliwa?

Nne zinatosha kwa kuanzia. Zipo nyingine, zikiwemo Apache OFBiz na iDempiere, zote zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, lakini zinahitaji mtaalamu wa kudumu ambaye kiwanda kidogo mara nyingi hakimudu kumwajiri, kwa hiyo naziacha.

Odoo ilianzia Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, ikawa OpenERP, kisha Odoo mwaka 2014. Ina matoleo mawili: la jumuiya, lililo chini ya leseni huria ya LGPL tangu mwaka 2015, na la kulipia, ambalo si huria. Ndiyo yenye sura nzuri kuliko zote na ndiyo rahisi zaidi kuwafundisha wafanyakazi wanaotumia simu janja kila siku. Inatumia lugha ya kompyuta ya Python na hifadhidata ya PostgreSQL.

ERPNext hutengenezwa na kampuni ya Frappe ya Mumbai, India, na iko chini ya GPL. Haina toleo la pili lililofichiwa vitu. Uhasibu kamili, stoo na uzalishaji vyote vimo katika kile unachokipakua. Inakaa kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, ikitumia hifadhidata ya MariaDB, na kuisimika, yaani kuiweka kwenye kompyuta, kwa mara ya kwanza kunamtoa jasho hata fundi mwenye uzoefu.

Dolibarr ilianzia Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuundia tovuti, kwa hiyo inaweza kukaa hata kwenye huduma ya bei nafuu ya kuhifadhi tovuti, na ina kisimikaji chepesi cha Windows. Ilizaliwa kama programu ya ankara na wateja, na moduli (sehemu za programu) za uzalishaji zikaongezwa baadaye sana, jambo ambalo utaliona ukianza kuitumia kiwandani. Kwa fundi samani mwenye oda thelathini kwa mwezi inaweza kuwa ndiyo inayomfaa kuliko zote.

Tryton ilijitenga na TinyERP mwaka 2008. Msimbo wake ni safi na uhasibu wake umenyooka, ila Afrika Mashariki utatafuta sana kabla ya kumpata mtu anayeijua.

Odoo ya jumuiya inakosa nini ikilinganishwa na ile ya kulipia?

Swali hili linastahili jibu la wazi, kwa sababu maonyesho mengi unayoyaona mtandaoni ni ya toleo la kulipia, na mwenye kiwanda husimika la jumuiya akitegemea kukuta yaleyale.

Toleo la jumuiya lina orodha za malighafi, maagizo ya uzalishaji, vituo vya kazi, stoo, manunuzi na mauzo. Halina ripoti kamili za uhasibu kama mizania na taarifa ya faida na hasara. Unaweza kutoa ankara na kupokea malipo, lakini mhasibu wako atauliza vitabu viko wapi. Moduli ya ukaguzi wa ubora, usimamizi wa mabadiliko ya bidhaa, ratiba kuu ya uzalishaji na skrini ya mafundi kiwandani nazo ziko upande wa kulipia. Sehemu ya pengo hilo huzibwa na moduli za bure za Odoo Community Association, chama cha wachangiaji, na kwa viwanda vingi zinatosha. Ila kila moduli ya ziada ni kitu kingine cha kukaguliwa siku ya kuhamia toleo jipya, na Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka.

Programu itaelewaje jinsi tunavyozalisha?

Hapa ndipo programu zinapotofautiana kweli, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Kiini cha programu yoyote ya kiwanda ni orodha ya malighafi, ambayo kwenye skrini huandikwa BOM. Mwoka mikate angeiita resipe na mtengeneza sabuni angeiita fomula. Inaeleza kwamba ili kupata kiasi fulani cha bidhaa unahitaji vitu hivi, kwa vipimo hivi, kwa kupitia hatua hizi. Agizo la uzalishaji linapofungwa, programu hupunguza malighafi stoo, huongeza bidhaa iliyokamilika, na hukokotoa gharama yake.

Kwa fundi samani jambo hilo ni jepesi: meza moja ina mbao kadhaa, skrubu, gundi na vanishi. Kwa mkamuaji wa alizeti ni jingine kabisa, kwa sababu yeye anaanza na kitu kimoja na kumaliza na viwili. Tuchukue mfano wa takwimu za kubuni. Unakamua kilo 1,000 za mbegu zilizonunuliwa kwa shilingi 900 kwa kilo, yaani shilingi 900,000, na umeme na kibarua ni shilingi 75,000. Unapata kilo 280 za mafuta, kilo 650 za mashudu, na kilo 70 zimepotea kama takataka na unyevu. Mafuta hayo ni takriban lita 304, kwa kuwa lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kama kilo 0.92.

Ukiipachika gharama yote ya shilingi 975,000 kwenye mafuta, lita moja imekugharimu shilingi 3,207. Lakini mashudu si takataka, wafugaji wanayanunua. Yakiuzwa kwa shilingi 500 kwa kilo yanaleta shilingi 325,000, na ukiiondoa thamani hiyo kwanza, lita inashuka hadi shilingi 2,138. Kwa dumu la lita 20 tofauti ni zaidi ya shilingi 21,000, kiasi kinachotosha kukufanya ukatae oda yenye faida ukidhani ni ya hasara.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi anayekuonyesha programu ni hili: mashudu yanaingia wapi? Katika Odoo unayaandika kama zao la ziada na kuyapa asilimia ya gharama, ambayo katika mfano huu ni kama theluthi moja. Katika ERPNext unayaandika katika sehemu ya masalia ya orodha ya malighafi, pamoja na bei yake, na programu huitoa thamani hiyo kwenye gharama ya mafuta. Fundi akijibu kwamba mashudu yataingizwa kwa mkono mwisho wa mwezi, huyo hajakielewa kiwanda chako.

Angalia pia vipimo. Unanunua kwa gunia, unakamua kwa kilo, unauza kwa lita na dumu, na magunia hayalingani uzito. Programu zote nilizotaja zinakubali zaidi ya kipimo kimoja kwa namna moja au nyingine, ila lazima uamue kipimo mama tangu siku ya kwanza, kwa sababu kukibadilisha baada ya miamala mia tano ni kazi ya kukata tamaa. Kwa alizeti kipimo hicho kiwe kilo ya kwenye mizani; gunia libaki kuwa neno la mlangoni.

Jambo la mwisho katika swali hili ni bei ya malighafi iliyoko stoo. Wakati wa mavuno mbegu hushuka bei, baadaye hupanda, na ndani ya ghala moja una mbegu za bei tatu. Odoo na ERPNext zote zinaweza kukokotoa kwa bei ya wastani au kwa utaratibu wa kinachoingia kwanza kutoka kwanza. Kwa mazao yanayomwagwa pamoja kwenye lundo moja, wastani unaelezeka zaidi, lakini mwulize mhasibu wako kabla ya kuanza, kwa sababu kugeuza njia katikati ya mwaka kunavuruga hesabu.

Vipi kuhusu risiti za TRA au eTIMS ya KRA?

Ukiacha moduli ya eTIMS iliyo katika toleo la kulipia la Odoo, usitegemee kukuta uunganisho na mamlaka hizo za kodi tayari ndani ya programu hizi nne, na asikudanganye mtu.

Tanzania ina mfumo wa mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, tangu mwaka 2010, na sasa upo pia mfumo wa risiti za kielektroniki usiohitaji mashine, unaoitwa VFD. Kenya ina eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato ya biashara. Hilo la Kenya lina makali upande wa manunuzi kuliko wa mauzo: kiwanda kinachonunua malighafi kwa wauzaji wadogo wasio na ankara hizo kinajikuta kikilipa kodi kwa fedha ambayo kimeshaitumia.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoa risiti kwenye mashine au kwenye tovuti ya mamlaka, kisha kuandika namba yake kwenye ankara ya ndani. Ni kazi ya mara mbili, lakini kwa ankara kumi kwa siku inavumilika. Ya pili ni kumlipa mtaalamu aunganishe mifumo miwili, jambo ambalo mamlaka zote mbili zinaliruhusu kwa masharti yao. Ianze ya kwanza. Ya pili ije baada ya miezi sita, ukiwa na uhakika kwamba programu yenyewe itabaki.

Umeme na intaneti vikikatika?

Hili ni swali la mahali unapoiweka programu. Ukiiweka kwenye seva (kompyuta ya kuhudumia nyingine) ya kukodi nje ya nchi, wafanyakazi wanahitaji intaneti kila dakika, ila huna kifaa cha kulinda na unaweza kuangalia mauzo ukiwa safarini. Ukiiweka kwenye kompyuta ya ofisini, intaneti ikikatika stoo inaendelea kufanya kazi kupitia mtandao wa ndani, ila moto, wizi na radi vinakuwa vyako.

Kwa kiwanda cha mjini chenye intaneti ya kuaminika, ningekodi. Kwa kiwanda cha wilayani ambako mtandao unapotea mchana kutwa, ningenunua kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya angalau gigabaiti 8, diski mbili na UPS (betri ya akiba), na kuiweka kwenye chumba kinachofungwa, mbali na vumbi la mashine. Vumbi la unga huua kompyuta taratibu kuliko radi, lakini kwa uhakika zaidi.

Nakala rudufu zinapaswa kuwaje?

Kila usiku, ijifanye yenyewe, na moja ikae nje ya jengo. Mimi mwenyewe niliwahi kuamini nakala za kiwanda nilichokuwa nikikisaidia kwa miezi minne, zikihifadhiwa kila usiku bila kukosa, hadi siku tuliyozihitaji tulipogundua kwamba mafaili yote yalikuwa na ukubwa wa sifuri kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Tulirudi kwenye vocha za karatasi na kuingiza upya miezi minne. Tangu hapo nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine siiiti nakala.

Wafanyakazi wangu hawajui Kiingereza. Zipo kwa Kiswahili?

Usitegemee tafsiri ya Kiswahili utakayoikuta ndani. Maneno ya stoo na uhasibu hutafsiriwa ovyo, na mtunza stoo atacheka kabla hajachanganyikiwa. Kinachowezekana, na ni moja ya faida za uhuru niliousema mwanzoni, ni kuandika tafsiri yako mwenyewe. Odoo na ERPNext zinakuruhusu kubadilisha maandishi ya skrini bila kugusa msimbo. Mtunza stoo anatumia skrini tatu au nne, zenye maneno kama arobaini. Kaa naye mchana mmoja, andika "Pokea mzigo", "Toa stoo", "Kilichobaki", maneno ambayo yeye hutumia, na kazi imekwisha. Mhasibu mwache na Kiingereza chake cha chuoni.

Kama leseni ni bure, fedha zinakwenda wapi?

Zinakwenda kwa watu. Seva ya kukodi yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu hupatikana kwa dola za Marekani chache hadi ishirini na tano hivi kwa mwezi, kutegemea kampuni, na hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Gharama kubwa ni siku za fundi wa kusimika na kupanga. Siku za wafanyakazi wako wa kuhesabu stoo nzima na kuingiza majina ya bidhaa, wateja na madeni. Mafunzo, ambayo hurudiwa kila mtunza stoo anapobadilishwa. Na fundi wa matengenezo kila mwezi. Kuna na ile isiyoandikwa popote, yaani wiki za mwanzo ambazo kila kazi inafanywa mara mbili, kwenye karatasi na kwenye skrini, watu wakilalamika.

Kabla ya kulinganisha na programu ya kulipia, piga hesabu ya miaka mitatu kwa zote mbili. Programu ya kulipia kwa kila mtumiaji inaweza kuwa nafuu kwa kiwanda chenye watumiaji wawili, na ikawa ghali sana kikiwa na kumi na watano. Nimeona watu wenye busara wakichagua ya kulipia baada ya hesabu hiyo, nami sikuwapinga.

Fundi wangu akihama au akifariki?

Nenosiri kuu la seva na la programu yenyewe yakae kwenye bahasha iliyofungwa katika kabati lako, na akaunti ya seva ifunguliwe kwa jina la kampuni na barua pepe ya kampuni. Mengi ya matatizo ya namna hii niliyoyaona hayakuwa ya kiufundi. Kijana alifungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi, akapata kazi mji mwingine, na malipo yakakwama. Chagua pia programu ambayo kuna watu wasiopungua watatu wanaoijua katika mji unaoweza kuufikia. Kwa kigezo hicho Odoo na ERPNext zinaiacha Tryton mbali, hata kama kwa ubora wa msimbo ningeipenda zaidi Tryton.

Niruhusu programu ibadilishwe iendane na kiwanda changu?

Katika mwaka wa kwanza, hapana, isipokuwa fomu za kuchapa na majina ya vitu. Kila mabadiliko ndani ya msimbo ni deni utakalolipa siku ya kuhamia toleo jipya. Kwa Odoo ya jumuiya uhamisho huo hautolewi na kampuni yenyewe. Unategemea mradi wa OpenUpgrade wa wachangiaji, na moduli iliyoandikwa kwa ajili yako peke yako hakuna atakayekuhamishia.

Mara nyingi ombi la mabadiliko huficha jambo jingine. ERPNext, kwa mfano, haikubali hati iliyowasilishwa kuhaririwa. Lazima uifute kwa utaratibu na utoe iliyosahihishwa, na ya zamani inabaki ikionekana. Kuna wanaoomba kizuizi hicho kiondolewe kwa sababu "kinachelewesha kazi". Mwulize kwa upole anayeomba ni hati zipi anazotaka kuzibadilisha baada ya kuwasilishwa.

Mishahara nayo iingizwe?

Iache kwanza. Katika ERPNext, tangu toleo la 14, mishahara imehamishiwa kwenye programu ya pembeni iitwayo Frappe HR, nayo ni huria, lakini makato ya kisheria utayapanga mwenyewe na kuyafuatilia kila yanapobadilika, kama Kenya ilivyobadili makato ya bima ya afya kutoka NHIF kwenda SHIF mwezi Oktoba 2024. Kwa watu ishirini, jedwali linatosha.

Nianzeje kuijaribu bila kuvuruga kazi?

Chukua bidhaa moja tu, ile unayoiuza zaidi, na wiki mbili. Mwombe fundi asimike programu mbili kati ya hizi kwenye kompyuta moja ya majaribio. Ingiza malighafi zake halisi, orodha yake ya malighafi, na miamala halisi ya wiki hizo: manunuzi, uzalishaji, mauzo, kurudishwa kwa mzigo mbovu. Anayeingiza awe mtunza stoo wako, wala si fundi. Fundi akiingiza, kila kitu kitaonekana rahisi.

Mwisho wa wiki ya pili, hesabu stoo kwa mikono na linganisha na skrini. Tofauti zitakuwepo, kinachotazamwa ni kama unaweza kufuatilia kila tofauti hadi kwenye tukio lililoisababisha. Kisha mwulize mtunza stoo angependa ipi, na jibu lake ulipe uzito kuliko langu.

Nikiamua kuacha baada ya mwaka, nitatokaje?

Programu zote nne zinatoa orodha za wateja, bidhaa na miamala kama majedwali unayoweza kuyafungua kwenye Excel, na hifadhidata nzima unaweza kuinakili. Usiifute seva ya zamani haraka, kwa sababu sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Ibaki ikisomeka, hata kama haiandikiki.

Jaribu mlango huo wa kutokea kabla hujaingia. Kabla ya kulipa awamu ya kwanza, mwambie fundi akukabidhi nakala ya hifadhidata ya majaribio kwenye flashi, kisha mpe fundi mwingine airudishe kwenye kompyuta yake huku wewe ukiangalia.